Kaya Kumi na Moja Nje ya Gridi: Shajara ya Ujenzi, Chamwino

Tuko kaya kumi na moja. Tano ni za wenyeji wa hapa hapa kijijini, sita tumetoka Dodoma mjini. Tunajenga makazi kwenye ekari 22 wilayani Chamwino, mahali ambapo nguzo ya mwisho ya umeme iko kilomita saba na bomba la maji halijafika. Mimi ni fundi wa ujenzi, na mchoro wa kwanza niliuchora kwa mkono wangu. Naandika ili anayetaka kufanya kama sisi aone tulipopatia na tulipoharibu, pamoja na bei zake. Yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka.

14 Agosti 2023: Ardhi na mchoro

Ardhi ya kijiji hupewi na mwenyekiti mkiwa wawili chini ya mti. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ombi linapita halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Tumehudhuria mikutano mitatu, tumeulizwa maswali magumu kuhusu nani atazikwa wapi na watoto watasoma wapi, na leo tumekubaliwa. Hati ya hakimiliki ya kimila itatoka kwa jina la kikundi. Fidia kwa waliokuwa wanalima hapo pamoja na gharama za upimaji: shilingi 11,000,000.

Mchoro wangu una nyumba kumi na moja kwenye mistari miwili iliyonyooka, zinatazamana, na uwanja katikati. Nimechagua bonde dogo lililo tambarare kwa sababu udongo wake ni laini na msingi utachimbika bila sururu. Nimekwenda kuliona mara nne, zote kati ya Julai na leo.

20 Septemba 2023: Matofali 1,400 yamepasuka

Tunafyatua matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri, na ukutani hayahitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Kosa letu lilikuwa kufyatua kwanza na kupima baadaye. Tulichukua udongo mwekundu pale pale, tukachanganya sehemu moja ya saruji kwa kumi na nane za udongo kwa sababu mradi mmoja tuliotembelea ulifanya hivyo. Siku ya tisa matofali yalikuwa na nyufa ambazo unaweza kupitisha ukucha.

Kipimo tulichopaswa kuanza nacho ni rahisi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ndani. Kipake mafuta, jaza udongo uliolowa, shindilia, acha kivulini wiki moja. Kisha sukuma udongo wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 15, moja kwa kumi na nane inatosha. Milimita 15 hadi 30, moja kwa kumi na sita. Milimita 30 hadi 45, moja kwa kumi na nne. Milimita 45 hadi 60, moja kwa kumi na mbili.

Pengo letu lilikuwa milimita 52. Tungeweza kuongeza saruji, lakini mfuko ni 17,000 na tungepata matofali kama sitini tu kwa mfuko. Tukaongeza mchanga wa korongoni badala yake, sehemu moja kwa mbili za udongo, pengo likashuka hadi milimita 24. Sasa tunafyatua kwa moja kwa kumi na sita na mfuko unatoa matofali kama themanini. Tunayafunika nailoni na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na hayapandi ukutani kabla ya siku 28. Hasara ya saruji na vibarua: 482,000.

6 Desemba 2023: Maji yamepita ndani ya nyumba

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Niño, na Jumapili iliyopita maporomoko ya tope ya Mlima Hanang yameua ndugu zetu kule Katesh. Baada ya msiba kama ule, najua hasara yetu ni ndogo. Hata hivyo naiandika.

Jana usiku kipimo chetu cha mvua kimeonyesha milimita 83. Saa nane za usiku maji yalishuka kutoka kilimani, yakaingia kati ya mistari yangu miwili ya nyumba kama yameelekezwa. Nyumba nne zilikuwa zimeshaezekwa. Katika mbili yamefika magotini. Hakuna aliyeumia, watoto walibebwa mabegani hadi kwenye stoo ya saruji. Ila kozi tatu za chini za matofali zimelowa zikalegea, na ukuta wa nyumba ya tatu umeinama.

Asubuhi alikuja babu mmoja wa kitongoji, mmoja wa wale waliokaa kimya kwenye mikutano yote. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono akanipeleka kwenye mti wa mkungugu ulio nyuma ya nyumba ya kwanza. Kwenye shina, urefu wa goti, kulikuwa na majani makavu yamekwama na kusukwa pamoja. Mengine ni ya jana. Chini yake kulikuwa na mengine ya zamani, yamegeuka rangi ya majivu. Nilikuwa nimeyaona mwezi Agosti. Nilidhani ni upepo. Akainama akafikicha mchanga, ule mchanga mweupe uliochujwa, laini, ambao mimi niliusifu kuwa unachimbika vizuri.

"Mwanangu, mchanga huu umeletwa na nani?" akaniuliza.

Halafu akanisimulia Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, Wagogo walipohamishwa kutoka kwenye tembe zao (nyumba za paa la udongo) zilizotawanyika na kuwekwa kwenye vijiji vya nyumba za mistari. "Walikuja na kamba, wakatupanga. Nyinyi mmekuja na karatasi. Hakuna aliyeuliza mvua inapita wapi." Nilimwuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Akasema aliulizwa kama anakubali, na yeye alikubali tuje, ni watu wazuri. Wapi tujenge hakuulizwa.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Nimejenga miaka kumi na tano na sikuwahi kumwuliza mtu swali hilo kabla ya kuchimba msingi.

Uamuzi wa kikao cha jioni: ujenzi unasimama hadi mvua ziishe. Hatutachora tena mpaka tumeona msimu mmoja kamili. Nyumba mbili zitabomolewa. Gharama ya kubomoa na kujenga upya, yale matofali mazima yakitumika tena: 3,900,000.

28 Januari 2024: Kutembea na mvua

Kila mvua ikinyesha, watu wawili wanavaa makoti na kufuata maji kwa miguu wakiwa na vigingi. Kigingi chekundu ni mahali maji yanapokimbia, cheupe ni yanapotuama. Mpaka sasa vigingi vyekundu ni 140 na vimechora picha ambayo karatasi yangu haikuwa nayo: makorongo madogo matatu yanayokutana pale pale nilipoweka uwanja.

Nyumba zitahamia kwenye bega la kilima, pasipo na mstari, kila moja ikifuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ulio sawa. Msingi utachimbwa kwa sururu, na ni sawa. Bonde lile laini litakuwa mashamba, kwa sababu maji tayari yanakwenda huko.

Kontua tumezipima kwa fremu ya herufi A ya miti mitatu, kamba na jiwe. Tumechimba makingamaji mita 600. Mashambani tunatumia mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma: upana wa sentimita 22, kina 30, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mistari, chini yake unaweka majivu kidogo kuzuia mchwa, samadi na mabua. Tumepanda uwele, mtama na kunde. Mahindi wenyeji walitukataza, tukasikia.

11 Mei 2024: Uzio

Mwezi Machi tulizungushia seng'enge upande wa mashariki kulinda miche. Tuliikuta imekatwa. Tukaiunga. Ikakatwa tena, mahali pale pale. Kikao kilikuwa kikali, wapo waliotaka twende polisi. Mimi nikaomba siku mbili nikaenda kwa babu.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukakaa kwenye jiwe. Kulipopambazuka ng'ombe wakaja, pengine mia moja na hamsini, na mbuzi nyuma yao, wakiongozwa na kijana asiyezidi miaka kumi na minne. Walifika kwenye waya wakasimama. Kijana akatuona akaganda. Njia ile ni mapito ya kwenda lamboni, imekanyagwa mpaka imekuwa mtaro, na sisi tuliifunga. Kuzunguka ni zaidi ya saa nzima kwa ng'ombe mwenye kiu.

Baba yake kijana alikuja kikaoni na aliongea kwa hofu kuliko hasira. Alikumbuka Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa yote kwenye maeneo yaliyomomonyoka chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Ukiona uzio na watu wanaozungumzia mazingira, alisema, mfugaji anajua zamu yake imefika. Tulimwomba radhi sote, babu akiwa mbele yetu.

Tumefungua mapito ya mita 12 kukatiza eneo letu na kuyaandika kwenye ramani ya kikundi. Pande zote mbili tumepanda minyaa, vipande vya kukata tu, bure. Tahadhari: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, vaa miwani na glavu na usiwape watoto kazi hiyo. Wafugaji wametuachia samadi inayodondoka njiani. Waya uliobaki umezungushiwa bustani. Hasara: 1,650,000.

Jambo jingine la mwezi huu linanifurahisha hadi leo. Kati ya miche 600 tuliyoipanda, iliyo hai ni 140. Wakati huo huo, kwenye eneo lisilopandwa kitu, tumefuata njia ya kisiki hai: chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwenye kisiki, pogoa mengine, funga kitambaa kuwa alama, linda. Visiki 210 vinachipua, mizizi yake ipo chini miaka yote, na hatukumwagia hata kikombe.

27 Julai 2024: Maji ya kunywa

Hapa ndipo fedha nyingi imekwenda, na kosa lilitangulia uchimbaji.

Kisima kirefu kimechimbwa mita 78. Utafiti wa ardhi 600,000, uchimbaji 9,800,000, kibali cha bodi ya maji ya bonde tulikipata bila shida. Maji yametoka mengi, tukapiga vigelegele. Wiki tatu baadaye majibu ya maabara: floridi miligramu 3.1 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na chumvi unaisikia ulimini. Mikoa ya kati ina tatizo hili, wengi mnawajua watu wenye meno ya kahawia ambayo mswaki hauyasafishi. Mtoto akikua na maji haya, yanaanzia kwenye meno, na yakizidi sana miaka mingi yanafika kwenye mifupa. Mama mmoja wa kwetu alisema atayachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floridi inabaki yote na maji yanapungua, kwa hiyo inakuwa kali zaidi.

Kama unaanza, chukua chupa ya maji ya kisima cha jirani aliye karibu zaidi, peleka maabara kabla ya kumwita mchimbaji. Ingetupa picha kwa gharama ya nauli na kipimo. Kisima hatujakitupa: kinafua, kinamwagilia, kinanywesha mifugo. Pampu ya sola inasukuma mchana tu hadi kwenye tangi la juu, bila betri yoyote. Pampu, paneli na mnara: 3,600,000.

Maji ya kunywa na kupikia yatatoka kwenye paa. Hesabu yake: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 64. Dodoma inapata milimita 550 hivi kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa hasara, zinabaki lita 28,000. Kaya ya watu watano, lita 20 kwa mtu kwa siku, kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba inahitaji lita 21,000 na kidogo.

Kwa hiyo paa linatosha, na tangi ndilo lililokuwa dogo. Tulishanunua simtanki tatu za lita 5,000 kwa 950,000 kila moja. Lita 5,000 zinajaa baada ya mvua kama milimita 98 tu, kisha miezi yote ya mvua iliyobaki zinamwagika, na kiangazi kikianza zinaisha siku ya hamsini. Yaani katikati ya Juni ndoo iko kichwani tena.

Tukahamia matangi ya saruji na wavu wa chuma ya lita 21,000, kwa 2,400,000. La kwanza lilipasuka. Tulilipiga lipu mchana wa Juni, upepo wa Dodoma ukalikausha kwa nje kabla ya saruji kushika, na tulilimwagia maji siku nne tu. Hasara 1,300,000. La pili tulilipiga lipu kuanzia saa kumi jioni, tukalivisha magunia yaliyolowa siku ishirini na moja, kwa maji yale yale ya kisima. Bibi wa nyumba ya nne alikuwa anaamka usiku kuyagusa magunia, akiyakuta yamekauka anatuamsha. Halijavuja tone. Mvua ya kwanza ya msimu tunaimwaga, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo tunageuza bomba kuelekea tangini.

19 Oktoba 2024: Taa nyekundu

Paneli na betri zote tuliziweka karakana, tukavuta waya wa volti 12 kwenda kila nyumba. Nyumba za karibu taa ziliwaka. Nyumba ya saba, mita 90 kutoka hapo, taa zilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika na simu hazikuchaji. Fundi wa kwanza alisema paneli ni ndogo, tukakaribia kununua nyingine.

Tatizo ni waya. Shaba ya milimita za mraba 4, mita 90 kwenda na 90 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.79. Ikipita ampea 5, volti karibu 4 zinaishia njiani. Betri ina 12.6, nyumbani zinafika 8.7. Kwa volti 230 mzigo ule ule wa wati 60 ungetumia robo ampea na upotevu usingeonekana.

Tungeweza kuweka inveta kubwa, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, na kusambaza huo, lakini ikiharibika hiyo moja kaya zote zinalala gizani. Tumechagua kila nyumba iwe na vyake: paneli ya wati 100, betri ya lithiamu ya ampea-saa 50, kidhibiti chaji, taa na waya, jumla 715,000. Karakana ina inveta yake kwa ajili ya cherehani, mashine ya kunyolea na friji ya pamoja: 6,400,000. Waya uliopotea: 1,100,000, japo vipande vingi vimetumika ndani ya nyumba. Unga bado tunasaga kijijini kwa mashine ya dizeli.

2 Machi 2025: Choo kilicholowa

Vyoo sita vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, 1,150,000 kila kimoja. Kinyesi kinafunikwa majivu, shimo likijaa linafungwa mwaka mzima, kisha kinakuwa mbolea ya miti. Kikikaa kikavu hakinuki wala hakina inzi.

Vya kwetu vilinuka ndani ya wiki mbili. Tuliandika matangazo, tukalaumiana, mpaka mama mmoja aliniita pembeni akanieleza kwa upole: "Dada, sisi tunajisafisha kwa maji. Maji hayo ulitaka yaende wapi?" Mchoro niliounakili ulitoka kwa watu wanaotumia karatasi. Nusu ya kaya zetu ni Waislamu, na hata wasio Waislamu wengi wanatumia maji. Sikuwa nimeuliza, tena.

Tumeongeza tundu la tatu, hatua moja nyuma, lenye mteremko na bomba linalokwenda kwenye shimo la kokoto na mipapai miwili. Kila choo kilichukua siku moja na mfuko nusu wa saruji. Harufu imekwisha.

30 Juni 2025: Tulipofika

Nyumba kumi na moja zimeisha, wastani wa 5,800,000 kila moja, mabati geji 28. Matangi makubwa manane yamesimama, kaya tatu bado zinatumia simtanki na zitajazia kwa majirani. Jumla mpaka leo ni shilingi milioni 140.4, karibu milioni 12.8 kwa kaya, na ndani yake milioni 8.4 ni makosa niliyoyaandika hapa. Karibu nusu ya hizo ni nyumba mbili za bondeni.

Bonde lenyewe msimu huu limetoa uwele, choroko na mlenda ambao akina mama wameukausha juu ya mabati. Mkungugu ule bado upo. Tumeuacha na majani yake yaliyokwama.

Babu amekubali kuwa mshauri wa kamati ya ardhi, na ameomba jambo moja: ramani isomwe kwa sauti, kwa Kigogo, mahali penyewe, watu wakiwa wamesimama. Tutafanya hivyo Jumamosi, kabla ya kuchimba msingi wa tangi la nyumba ya tisa. Magunia 30 yameshalowekwa.